Ndege za Kujaza Mafuta Angani Zikishastaafu

Ndege ya kivita ikistaafu, waombaji hupanga foleni. Huyu anaitaka kwa lango la kambi, yule kwa ukumbi wa makumbusho. Ndege ya kujaza mafuta angani ikistaafu, wa kwanza kupiga simu ni mnunuzi wa alumini. Kazi yangu ni kukagua maungo ya ndege kuukuu kabla haijaamuliwa kama zihifadhiwe au zikatwe, na nikifika mara nyingi nakuta futi kamba imeshatoa hukumu. Mabawa ya KC-135, ndege ya Marekani ya kujaza mafuta, yana upana wa karibu mita 40, na ya KC-10, nayo ya Marekani, yamepita 50. Mwenye hanga la kuimeza ndege ya namna hiyo ameshalijaza vitu ambavyo watu wanalipa kiingilio kuviona.

Umaarufu nao una upendeleo wake. Mwaka 1982, katika vita na Argentina, ili bomu za ndege moja ya mashambulizi aina ya Vulcan zifike visiwa vya Falkland kutoka kisiwa cha Ascension, Waingereza walirusha Victor 11 za kujaza mafuta, nyingine zikijazana zenyewe kwa zenyewe njiani. Baadaye umma wa Uingereza ulichanga fedha hadi Vulcan XH558 ikarudi angani na kuruka mpaka 2015. Victor haikurudishwa angani hata moja. (Naam, Victor namba XM715 iliinuka kutoka ardhini kwenye uwanja wa Bruntingthorpe, Uingereza, Mei 2009, lakini ilikuwa bahati mbaya: ilikuwa ikikimbizwa tu kwenye njia mbele ya watazamaji. Ilitua salama.)

Wamarekani zao huzipeleka Davis-Monthan, nje ya Tucson, Arizona. Hewa ni kavu, na ardhi ni ngumu kiasi kwamba ndege nzito huegeshwa bila lami. Madirisha na maungio hufunikwa kwa rangi nyeupe inayozuia vumbi na joto. Watu hupaita makaburini. Mimi napaona zaidi kama ghala la spea. KC-135 ya mwisho ilikabidhiwa 1965, na jeshi bado linazirusha kwa mamia, kwa hiyo kila iliyostaafu inadaiwa na dada zake. Katika miaka ya 1980 jeshi lilinunua hata Boeing 707 zilizochoka kutoka mashirika ya abiria, likachukua injini na mikia yake kutengenezea toleo la KC-135E. Kisha zamu ya hizo E ikafika, za mwisho zikastaafu 2009, nazo zikaanza kuchopolewa. Makumbusho ikija kuomba, inapewa ganda. Na ganda lina hila zake: injini za KC-135 zimetangulia mbele ya bawa, ukizitoa uzito unarudi nyuma, na usipoweka uzani puani unaweza kuikuta ndege imekalia mkia.

Zilizonikaa moyoni kuliko zote ni VC10, ndege za abiria za Uingereza. Shirika la East African Airways liliposambaratika mwaka 1977, Super VC10 zake nne zilizobaki zilirudi Uingereza na kugeuzwa kuwa K.3 za kujaza mafuta: ZA147, ZA148, ZA149 na ZA150. Hazikuchaguliwa kwa huruma. Zilikuwa na mlango mkubwa wa mizigo, na kupitia huo matangi yenye umbo la pipa yangeweza kuingizwa mahali walipokuwa wakikaa abiria. VC10 za British Airways zilizofuata hazikuwa na mlango huo, zikaachwa bila matangi ya ndani. ZA150, iliyosajiliwa zamani kama 5H-MOG, ndiyo VC10 ya mwisho kabisa kuundwa. Septemba 2013 ilirushwa hadi Dunsfold, ikawa mali ya Makumbusho ya Brooklands, na mafundi wa kujitolea wakaendelea kuziwasha injini zake. Siku iliyofuata ZA147, zamani 5H-MMT, ilitua Bruntingthorpe, na hapo ndipo safari za VC10 zilipokoma duniani. Yaani ndege iliyofunga historia ya aina hiyo iliwahi kubeba abiria wa Nairobi, Dar es Salaam na Entebbe. Bango la makumbusho lisilotaja hilo nalihesabu kuwa nusu bango.

Sasa ndani ya ndege yenyewe. Mgeni huona tangi tupu akadhani hatari imekwisha. Kinyume chake, tangi lililojaa huwaka kwa shida kuliko lililobaki na mvuke. Kabla ya mtu kuingia, lazima lipulizwe hewa, lipimwe, lipulizwe tena. Kisha gundi ya kuzibia maungio, iliyozoea kulowa miaka yote, hukauka na kupasuka mafuta yakiondolewa, na maji ya mvua hupata njia pale ambapo mafuta hayakuipata. Victor ina balaa zaidi: sehemu kubwa ya ngozi yake ni mabamba mawili membamba yenye bati la mikunjo katikati. Maji yakiingia humo hayatoki, na kutu ya alumini, ile nyeupe ya unga, hula kutoka ndani huku rangi ya nje ikibaki inang'aa. Nagonga kwa kipande cha plastiki na kusikiliza. Penye sauti butu naweka alama ya chaki. Kuna ndege niliyoacha kuchora alama kwa sababu chaki ilikuwa inaibomoa.

Ndiyo maana nasisitiza paa kuliko rangi. Victor XH672 imo ndani ya ukumbi wa makumbusho huko Cosford, pamoja na Vulcan na ndege nyingine ya mashambulizi, Valiant, na itadumu kuliko sisi. XH673, iliyowekwa nje kambini Marham, iliharibika hadi ikakatwa. XH648 ya Duxford, pekee iliyobaki ya toleo la kwanza la Victor, ilikaa nje miaka mingi kabla ya kuingizwa hangani kuvuliwa na kuungwa upya, kazi ambayo makumbusho chache zinaimudu.

Msipokuwa na paa, basi kateni, mbakize sehemu ya nyuma. Wenzangu hunikasirikia nikisema hivyo, lakini ganda zima linalooza uwanjani halielezi kazi ya ndege hii hata kidogo. Huko Colorado Springs KC-97, ndege nyingine ya kujaza mafuta, iligeuzwa mgahawa; angalau ina wageni. Kazi yenyewe hufanyikia nyuma: gurudumu la kuvingirisha mpira wa kupitishia mafuta na kikapu kilicho mwishoni mwake kwenye Victor na VC10, au chumba cha mwendesha mkono wa kujazia, yaani bomba gumu linaloshushwa hadi kwenye ndege inayojazwa, kwenye KC-135, ambaye hulala kifudifudi akichungulia dirisha dogo. Kwenye KC-10 mtu huyo hukaa kitini mbele ya kioo kipana.

KC-10 ziliundwa 60, na jeshi la Marekani liliziaga Septemba 2024. Moja, 79-0433, iliingia makumbusho ya Dover, Delaware, mwaka 2022, nayo ni nzima. Kwa makumbusho nyingine yoyote inayofikiria kuomba ya kwake bila kuwa na hanga, ushauri wangu ni kuomba mita kumi za mwisho: kiti, kioo, mkono na vishikio vyake vyote, kabla msumeno haujafika.