Kwa nini fankisheni ya polimofiki inagoma kubadili aina

Kwenye PostgreSQL, programu ya databesi, ukijumlisha 3 na 2.5 unapata 5.5, hakuna kelele. Ile 3 ni aina ya integer (namba nzima) na 2.5 ni numeric (namba yenye desimali), databesi yenyewe inaigeuza 3 kuwa numeric bila wewe kuandika chochote, hiyo ndo kasti ya kimyakimya, kasti ikiwa ni kugeuza data toka aina moja kwenda nyingine.

Sasa tengeneza fankisheni yako, tuseme kubwa(), inapokea vitu viwili (hivyo ndo vigezo vyake) inarudisha kilichozidi, na kwa vile hutaki kuiandika upya kwa kila aina basi vigezo vyote unavipa anyelement, yaani aina yoyote. Hapo umeshapata fankisheni ya polimofiki, moja inayohudumia aina kibao. Ita kubwa(3, 2.5) uone, unapigwa erori eti fankisheni haipo! Wengi hapo wanaanza kuhangaika na jina na skima (fungu la databesi fankisheni inapokaa), kumbe jina liko sawa kabisa.

Ishu ni kwamba kasti lazima ijue inaelekea wapi. Kigezo kikiwa numeric, mwelekeo upo, integer inageuzwa inapita. Anyelement haisemi aina ni ipi, inachodai tu ni kwamba popote ilipoandikwa iwe aina ileile, sasa databesi ikikuta integer huku na numeric kule inaitupa fankisheni kabla hata ya kufikiria kugeuza kitu. Mi naona iko sahihi, kukisia aina kwenye data za watu ni hatari.

Ajabu kubwa(3, '7') inapita, kwa sababu '7' ikiwa ndani ya alama za kunukuu bado haina aina, inafuata ya mwenzake. Zikiwa mbili za hivyo, inagoma.

Dawa ya siku zote ni kuandika kasti mwenyewe, kubwa(3::numeric, 2.5). Ila toka toleo la 13 la mwaka 2020 kuna anycompatible unayoiweka badala ya anyelement, hii inatafuta aina moja ambayo vigezo vyote vinaweza kugeukia kimyakimya. Angalia lakini, kubwa('10', '9') sasa inapita na jibu ni 9, maana zote zimechukuliwa kama text (maandishi) na kwa mpangilio wa herufi 9 inakuja baada ya 1.

Toleo la 14 likaihamishia array_append, fankisheni ya kuongeza kitu mwishoni mwa safu (array), kwenye mfumo huo wa anycompatible, kwa hiyo ukiongeza 2.5 kwenye safu ya integer unarudishiwa safu ya numeric. Kama una agrigeti (fankisheni inayokusanya mistari mingi kuwa jibu moja) uliyoijenga juu ya array_append ya zamani, ifute kabla ya kupanda toleo, halafu uiunde upya.