Ukifika Burgos, usipande basi: Meseta si jangwa

Kila msimu wa hija ya Santiago de Compostela ukikaribia, ushauri uleule unaanza kuzunguka: ukifika mji wa Burgos, kaskazini mwa Hispania, panda basi, shukia León, kwani katikati hapo hamna kitu. Kilomita 180 hivi, karibu robo ya Njia ya Wafaransa, njia kuu ya hija hiyo, zinatupwa kwa saa mbili za kukaa kitini. Mara nyingi anayeutoa ushauri huo alipanda basi yeye mwenyewe, basi aone nini cha kutusimulia?

Meseta ni uwanda ulioinuka mita 800 hadi 900 juu ya usawa wa bahari, uliochanwa na mabonde. Vijiji vimekaa mabondeni penye maji, ndiyo maana mtu akitazama kwa mbali anadhani hakuna vijiji. Hontanas huuoni kabisa mpaka ufike ukingoni, mnara wa kanisa unachomoza karibu na miguu yako. Mei ngano ni ya kijani na kingo za njia zimejaa maua mekundu; mwishoni mwa Julai imebaki mabua. Anayesema mandhari haibadiliki alipita kwa haraka.

Mbele ya Hontanas barabara inapita chini ya tao la San Antón, magofu ya monasteri na hospitali iliyoanzishwa mwaka 1146. Watawa wa Mtakatifu Antoni waliuguza watu wenye ugonjwa ulioitwa moto wa Mtakatifu Antoni: viungo vinaungua kwa ndani, vinageuka vyeusi, vinakatika. Chanzo ni kuvu mwenye sumu anayeota kwenye masuke ya rai, nafaka ya jamii ya ngano. Ukutani bado kuna vishubaka ambamo watawa waliwaachia mikate mahujaji waliochelewa usiku. Maelezo ya siku zote ni kwamba wagonjwa waliotoka kaskazini mwa Ulaya walipona kwa sababu huku walikula mkate wa ngano badala ya rai. Mimi nayakubali nusu. Kuacha sumu kunasaidia, lakini kiungo kilichokufa hakifufuki, na hospitali za shirika hilo zilijulikana sana kwa kukata viungo. Mkate peke yake hautoshi kueleza yote.

Baada ya Castrojeriz kuna kilima cha Mostelares: kupanda ni mwinuko wa 12%, kushuka upande wa pili ni 18%. Magoti yanaumia kwenye kushuka, si kupanda, kwa hiyo legeza mwendo huko. Chini, kabla ya daraja la matao 11 la mto Pisuerga, kanisa dogo la San Nicolás ni bweni linaloendeshwa na chama cha Waitalia. Jioni wanawaosha mahujaji miguu, na chakula huliwa kwa mwanga wa mishumaa. Vitanda ni vichache, fika mapema.

Ukitoka kijiji cha Boadilla, penye nguzo ya hukumu ya karne ya 15, unafuata Mfereji wa Castilla, uliochimbwa kubeba nafaka kwa mashua, hadi milango yake ya maji pale Frómista. Hapo nataka tukae kidogo. Kila kitabu cha wasafiri kinasema kanisa la San Martín lilijengwa mwaka 1066. Mwaka huo ni wa wosia wa Doña Mayor, mjane wa mfalme Sancho III wa Navarra, unaoitaja monasteri aliyokuwa akiijenga. Wosia hauthibitishi kwamba kila jiwe unaloliona lilikuwapo siku ile, na wataalamu wengi wa sanaa wanauweka uchongaji wake baadaye. Isitoshe, kati ya mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20 kanisa lilikarabatiwa kwa nguvu: majengo yaliyoliegemea yakabomolewa, michongo iliyochakaa ikabadilishwa. Chini ya ukingo wa paa kuna vichwa vya mawe zaidi ya 300, vya wanyama, walevi, wanasarakasi. Vizunguke polepole, kisha jiulize kwa nini kanisa la umri huo lina pembe kali namna hii. Napenda jengo hili mno, na sijui kama ninachokipenda ni karne ya 11 au ni ndoto ya wakarabati.

Mji wa Sahagún ni kinyume chake, hapo ujenzi unasema ukweli wake wazi. Mawe yalikuwa mbali, udongo ulikuwa tele, wakajenga kwa matofali. Nenda nyuma ya kanisa la San Tirso: sehemu ya chini ni ya mawe, ghafla inageuka matofali hadi juu.

Sasa miguu. Watu wanaamini tambarare ni rahisi. Milimani kila hatua ni tofauti. Hapa unarudia hatua ileile maelfu ya mara, kwa hiyo malengelenge yanatokea mahali palepale na kano za ugoko zinavimba. Vua viatu kila baada ya saa mbili, kausha soksi, legeza kamba pale juu ya kifundo. Mvua ikinyesha, udongo mfinyanzi unanasa kwenye soli mpaka kiatu kinakuwa kizito maradufu. Ukwangue kabla haujakauka. Na kwa kuwa unaelekea magharibi, jua la mchana linakupiga kushoto: paka mafuta ya kuzuia jua kwenye sikio la kushoto na shavu la mguu wa kushoto kwanza.

Kutoka Carrión de los Condes hadi Calzadilla de la Cueza ni kilomita 17 bila kijiji, juu ya barabara ya Kirumi. Lita mbili za maji, toka kabla ya mapambazuko.

Kama siku hazikutoshi kweli, panda basi la mjini kwenye viwanda vya Villafría kabla ya kuingia Burgos, au kutoka Mansilla de las Mulas hadi León. Huko kuna lami na malori tu.

Mbele ya Sahagún, pale Calzada del Coto, njia inagawanyika. Ya kushoto, kupitia El Burgo Ranero, ina miti iliyopandwa kandokando na vijiji vya kupumzikia. Ya kulia inafuata barabara ya Kirumi hadi Calzadilla de los Hermanillos, na kutoka hapo kilomita 17 nyingine hazina duka wala bomba. Kulala Calzadilla na kuondoka alfajiri ndiyo namna pekee ninayoishauri kwa njia ya kulia; Julai na Agosti chukua ya kushoto.