Kamba ya Kuhani Mkuu na mengine tunayoiongezea Hema ya Kukutania

"Kuhani Mkuu alifungwa kamba mguuni."

Aliyekulia kanisani bila shaka ameisikia hii. Kuhani anaingia Patakatifu pa Patakatifu, chumba cha ndani kabisa cha Hema, ile hema ya ibada ya Waisraeli jangwani, na baadaye cha Hekalu; waliobaki nje wanasikiliza njuga za vazi lake, na zikinyamaza wanajua amekufa, basi wanamvuta kwa kamba. Soma Kutoka yote na Walawi yote, kamba hiyo huioni. Inatokea katika Zohari, kitabu cha mafumbo ya Kiyahudi kilichojulikana Hispania mwishoni mwa karne ya 13, miaka ipatayo 1,200 baada ya Hekalu kubomolewa mwaka 70.

Njuga zenyewe pia zinaikanusha. Zilishonwa kwenye pindo la joho la samawati, na joho hilo halitajwi kabisa miongoni mwa mavazi ya kuingilia pazia la ndani. Walawi 16:4 inayataja moja moja: kanzu ya kitani, suruali za kitani, mshipi wa kitani, kilemba cha kitani. Hakuna dhahabu wala vito kifuani. Siku iliyo kuu kuliko zote, Siku ya Upatanisho, mkuu wa makuhani anaingia mbele za Mungu amevaa kitani tupu. Mimi hili hunigusa sana, na nahuzunika kuona kamba ya kubuni imelifunika. Anayetaka kumhubiri Kristo aliyejinyenyekeza, hapo ana andiko lililo wazi.

Siipingi kazi ya kumtafuta Kristo katika Hema. Waraka kwa Waebrania unasema waziwazi kwamba vitu vile vilikuwa mfano na kivuli. Ninachoomba ni tutenganishe kilichoandikwa na tulichokipamba.

"Kiti cha rehema kilikuwa kiti, Mungu akikikalia."

Jina limetupoteza. Kutoka 25:17 inaeleza kipande cha dhahabu safi, urefu dhiraa mbili na nusu, upana dhiraa moja na nusu, sawasawa na Sanduku la Agano kwa urefu na upana, kwa sababu kilikuwa kifuniko chake. Kwa vipimo vyetu ni kama sentimita 110 kwa sentimita 70. Hakina miguu wala mgongo wa kuegemea. Kiebrania hukiita kaporeti, neno la shina moja na lile la kufanya upatanisho. "Kiti" alikiweka Martin Luther katika tafsiri yake ya Kijerumani, William Tyndale akafuata kwa Kiingereza mwaka 1530, nasi likatufikia.

Waliotafsiri Agano la Kale kwa Kigiriki walikiita hilasterioni. Sasa fungua Warumi 3:25, Paulo anaposema Mungu alimweka Kristo awe upatanisho kwa damu yake. Neno alilolitumia ni hilo hilo, hilasterioni. Biblia zetu zinaandika "kiti cha rehema" kule na "upatanisho" huku, kwa hiyo msomaji wa Kiswahili hana njia ya kuuona uhusiano huo asipoambiwa. Ukishaambiwa, rudi Walawi 16:14 umtazame kuhani akichovya kidole katika damu ya ng'ombe, akiinyunyiza juu ya kifuniko, kisha mbele yake mara saba. Picha ya Paulo inatoka pale.

"Biblia inasema samawati ni mbingu, zambarau ni ufalme, nyekundu ni damu."

Haisemi. Kutoka inaagiza nyuzi za mapazia ya Hema na rangi zake, basi. Yosefo, mwanahistoria wa ukoo wa kikuhani aliyezaliwa mwaka 37, alizisoma hivi: kitani ni ardhi kwa kuwa huota ardhini, zambarau ni bahari kwa kuwa hutoka kwa konokono wa baharini, samawati ni hewa, nyekundu ni moto. Ukiona nyekundu ukaikumbuka damu ya Yesu, ni tafakari njema. Iite tafakari.

"Vyombo vilipangwa kwa umbo la msalaba."

Meza ilikuwa kaskazini, kinara kusini, na mchoraji anaweza kupata msalaba hapo. Hakuna mwandishi wa Agano Jipya aliyeutaja. Dai kwamba hata kambi ya makabila katika Hesabu 2 ilipangwa kwa msalaba ndilo dhaifu zaidi: sura ile inatoa idadi ya watu wa kila upande, haitoi upana wa kambi, na upana ndio ungefanya msalaba.

"Pazia lililopasuka Yesu alipokufa lilificha Sanduku la Agano."

Pazia la Mathayo 27:51 lilikuwa la Hekalu la Herode, na Sanduku lilikuwa limetoweka tangu zama za Wababeli. Yosefo huyohuyo anaandika kwamba katika chumba kile cha ndani hapakuwa na kitu chochote. Kwa karne kadhaa kuhani mkuu aliingia na damu mahali pasipo na kifuniko cha kuinyunyizia. Pazia likapasuka toka juu hata chini, na nyuma yake palikuwa patupu. Miaka isiyofika thelathini baadaye Paulo akawaandikia Warumi hilasterioni iko wapi.