Tope la Sabaki si la wingi wa watu

Masika bahari ya Malindi ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, barazani husemwa: watu wa bara wamezaana, wameimaliza milima. Si hivyo. Sabaki, ambao huko juu huitwa Athi kisha Galana, kweli hubeba udongo wa Ukambani. Lakini Machakos, huko huko Ukambani, ya miaka ya 1930, yenye watu wachache, ndiyo iliyomomonyoka vibaya. Wakoloni wakalaumu ng'ombe, wakawachukua. Muindi Mbingu, kiongozi wa Wakamba, akaongoza maandamano ya kupinga hadi Nairobi mwaka 1938. Kufikia 1990 watu walikuwa takriban mara 5 ya wale wa miaka ya 1930, na miteremko imejaa matuta ya fanya juu ya kuzuia mmomonyoko: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu (jina lajieleza). Tope halijaisha. Ila matumbawe yetu, yanayohifadhi alama zake, yanaonyesha lilianza kuzidi mwanzoni mwa karne ya 20.