Punda apepese macho mara moja tu

Watu wakisikia kwamba mimi ni mwongozaji wa katuni za vichekesho, swali la kwanza ni: "Kwani ndiwe unayechora?" Siku hizi nachora kidogo sana. Kazi yangu kubwa ni kupima kimya.

Chukua onyesho moja lililotutoa jasho. Kichochoro cha mji wa kale hapa Lamu, vile vyembamba ambavyo ukikutana na punda, mmoja wenu lazima ajibanze ukutani. Mzee anakuja na kikapu cha mboga begani, punda anakuja upande wa pili, peke yake. Mzee anasema: "Nipe ndia." Punda anamtazama, kisha anang'ata ukingo wa kikapu na kutafuna.

Kwenye skripti tulicheka sote. Kwenye animatiki, yaani michoro ya mwanzo ya onyesho iliyopangwa kwa mfuatano na kutiwa sauti, hakucheka mtu. Katuni zetu huenda fremu, yaani picha moja moja, 25 kwa sekunde, na kati ya "ndia" na meno ya punda tulikuwa tumeweka fremu 10. Mtazamaji hakupata hata nafasi ya kujiuliza punda atajibu nini. Nikavuta hadi 34. Sasa ikaonekana kama picha imekwama. Nikaomba punda apepese macho mara moja, kwenye fremu ya 20. Chumba kizima kikaangua kicheko.

Mwigizaji wa filamu akinyamaza, bado anapumua. Wa katuni asipochorewa kitu, ni karatasi tu. Hata kutofanya lolote lazima kuagizwe, tena mapema: kipindi cha dakika 11 ni fremu 16,500, na kimya ambacho kwenye animatiki unakirefusha kwa kazi ya dakika moja, kikishachorwa ni siku nzima za kazi ya mtu.

Kuagiza nako kuna mitego. Onyesho hilo tuliwapa wachoraji wa nje, likarudi punda anapiga mkia, anachezesha masikio, anameza mate. Waliona fremu 34 tupu wakadhani tumesahau. Nusu ya kosa ni langu, niliandika "anasubiri". Sasa naandika HATIKISIKI, kwa herufi kubwa.

Sauti hurekodiwa kwanza, midomo huifuata. Hapo Kiswahili kinatupa nafuu: irabu tano, na karibu kila silabi inaishia kwa irabu. Ila ukichora kila herufi, mdomo utapapatika kama samaki ndani ya dema. Shika irabu, na usisahau kufunga midomo kwenye m, b na p. Katika "Nipe ndia" inafungwa mara moja tu. Mwigizaji wetu alianza na "njia", sanifu kabisa, kama msomaji wa taarifa ya habari. Nikamwambia huyo mzee ni wa Lamu, si wa redioni.

Urefu wa kimya wenyewe sikuusoma popote. Huwa naenda Mkunguni, uwanja ulio mbele ya ngome ya Lamu, jioni, nikaketi barazani na wazee, simu inahesabu sekunde chini ya kikoi. Siku moja mmoja akaniona, akauliza napima nini.

"Napima unavyonyamaza kabla ya kumaliza kisa, mzee."

Akanitazama. Akanywa kahawa, akakiweka kikombe chini taratibu.

"Na malipo yangu?"