Je, wajua ni nani huiambia kerneli kwamba kompyuta ina kumbukumbu kiasi gani?

Mama mmoja mwenye saiba huko Luanda, kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, alifika katika karakana yetu mjini Kisumu akiwa na kompyuta ya mezani na malalamiko. Alikuwa ameinunua ikiwa mtumba, akahakikishiwa kwamba ina RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8, lakini alipoiwasha na kuandika amri ya free -h kama kijana wake alivyomfundisha, Ubuntu, mfumo endeshi wa jamii ya Linux, ilimwonyesha 7.3. "Fundi," aliniuliza, "hiyo nyingine imeenda wapi? Nimeibiwa?" Nilifungua kasha, nikachomoa vijiti viwili vya RAM, kila kimoja GB 4, nikaviweka mezani mbele yake. "Hujaibiwa, mama. Zote nane ziko hapa." Hapo swali lake likawa zuri kuliko lilivyoanza: ikiwa vijiti vina GB 8, basi ni nani aliyeiambia Ubuntu kwamba ni 7.3?

Aliyeiambia ni programu dhibiti, ile programu ndogo iliyohifadhiwa ndani ya chipu yake ya pekee kwenye mothabodi, ambayo huamka kabla ya kitu kingine chochote. Wengi bado huiita BIOS, ingawa katika mashine nyingi za tangu takriban mwaka 2012 jina lake sahihi ni UEFI. Kerneli nayo ni kiini cha mfumo endeshi: ndiyo hugawa kumbukumbu, hupanga zamu za prosesa, na husema na diski, kibodi na mtandao kwa niaba ya programu zote. Hata hivyo, kabla ya kuwa mtawala wa mashine, kerneli ni faili tu iliyolala kwenye diski. Haijui RAM ni kiasi gani wala prosesa zimeunganishwa vipi, na karibu kila inachokijua katika sekunde zake za kwanza ni kitu ilichokabidhiwa.

Ni vizuri kuangalia kwanza programu dhibiti yenyewe huyajulia wapi mambo hayo. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha kompyuta ya aina ya x86, yaani yenye prosesa za jamii ya Intel na AMD, prosesa huanza kusoma maagizo kutoka anwani iliyo baiti 16 tu chini ya mpaka wa GB 4, na anwani hiyo haielekei kwenye RAM, bali kwenye chipu ya programu dhibiti. Wakati huo RAM bado haifanyi kazi, kwa sababu vijiti havijapimwa wala kurekebishwa muda wa ishara zake, na kwa hiyo programu dhibiti hulazimika kutumia kashe, ile hifadhi ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa, kama kumbukumbu ya muda. Kisha husoma chipu nyingine ndogo sana iliyobandikwa juu ya kila kijiti, isiyozidi punje ya mchele, ambamo mtengenezaji ameandika ukubwa wa kijiti, kasi yake na vipimo vyake vya muda. Nilimwonyesha mama chipu hiyo kwa ncha ya bisibisi. Akainama akaitazama kwa muda mrefu, kwa kuwa ilikuwa ndiyo shahidi wake kwamba aliuziwa kile alichoahidiwa.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini kerneli isijipimie yenyewe, ikaandika na kusoma kila anwani hadi ione kumbukumbu inapoishia. Shida ni kwamba si kila anwani huelekea kwenye RAM. Nyingine huelekea kwenye kadi ya mtandao, nyingine kwenye vifaa vya skrini, na kuandika humo bila kujua ni kuipa mashine amri usizozikusudia. Yaweza kuganda papo hapo. Isitoshe, sehemu fulani za RAM halisi tayari zimeshikwa na programu dhibiti kwa shughuli zake. Kinachohitajika, basi, si jumla peke yake. Kinachohitajika ni ramani, yenye kusema kutoka hapa hadi pale unaweza kutumia, na kutoka pale hadi kule usiguse.

Katika enzi ya BIOS, iliyoanza na kompyuta ya IBM PC ya mwaka 1981, ramani hiyo ilikuja kuombwa kwa njia ya katizo, yaani ishara ya kuifanya prosesa iache inachofanya na kuhudumia ombi. Muulizaji huweka namba fulani katika rejista, vile visanduku vidogo vya namba vilivyo ndani ya prosesa, kisha huita katizo, na BIOS hujibu. Katizo la 10, kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita, lilikuwa la skrini, la 13 la diski, na la 15, likiitwa kwa namba E820, ndilo la ramani ya kumbukumbu. Kila jibu lilikuwa na baiti 20: 8 za mahali eneo linapoanzia, 8 za urefu wake, na 4 za aina yake, ambapo aina ya 1 ni eneo huru na aina ya 2 ni eneo lililotengwa. BIOS ilitoa eneo moja kwa kila swali, nawe ukarudi tena na tena hadi orodha iishe. Namba hiyo haijafutika. Ukifungua rekodi za uwashaji za Linux kwa amri ya dmesg, utaona mistari inayoanza na BIOS-e820 hata kwenye mashine ya UEFI ambayo haikuuliza katizo lolote, kwa kuwa kerneli huigeuza ramani mpya ikaingia katika umbo lile la zamani.

Udhaifu wa BIOS ulikuwa kwamba huduma zake ziliandikwa kwa ajili ya prosesa ikiwa katika hali ya biti 16. Kerneli ya biti 32 au 64 ilipaswa kuuliza maswali yake yote mapema, ikiwa bado katika hali hiyo ya zamani, kisha ivuke, na ikishavuka haikuweza tena kuita huduma hizo kwa njia ya kawaida.

UEFI ilitokana na kazi ambayo Intel iliianza mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa ajili ya prosesa zake za Itanium, na tangu mwaka 2005 inasimamiwa na jukwaa la kampuni nyingi. Hapa makabidhiano yamepangwa kwa utaratibu ambao mimi, niliyeshika mashine za kila rika, nauheshimu sana. Programu dhibiti yenyewe inajua kusoma sehemu ya diski iliyopangwa kwa mtindo wa FAT, hupakia faili kutoka humo, na huipa anwani ya jedwali moja kuu. Faili hiyo mara nyingi ni kipakiaji, yaani programu ya kuipakia kerneli, kama GRUB, lakini tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012 kerneli ya Linux yaweza kujivika vazi la programu ya UEFI na kuitwa moja kwa moja. Ndani ya jedwali kuu mna huduma za aina mbili: zile za wakati wa kuwasha, kama kusoma faili na kuomba nafasi ya kumbukumbu, na zile chache zitakazobaki hata baada ya kerneli kushika hatamu.

Baina ya makundi hayo mawili kuna mlango mmoja ambao ukishafungwa haufunguki tena, nao huitwa ExitBootServices. Kabla ya kuupita, kerneli huomba ramani ya kumbukumbu, na pamoja na ramani hupewa namba ya ufunguo. Inapotangaza kwamba sasa inaichukua mashine, ni lazima iitoe namba hiyo. Ikiwa kitu chochote kimebadilika tangu ramani ichorwe, hata kama ni kipande kidogo cha kumbukumbu kilichogawiwa kati ya hatua hizo mbili, programu dhibiti hukataa, na kerneli hulazimika kuomba ramani upya. Anayefahamu jinsi walinzi wa maduka mjini wanavyopokezana zamu ataelewa mara moja: mlinzi wa asubuhi hatii sahihi katika daftari mpaka orodha ya mali ilingane na kilichomo sasa hivi, si kilichokuwamo usiku wa manane. Sahihi ikishatiwa, wa usiku hujiondokea, na nafasi kubwa ya kumbukumbu iliyoshikwa na huduma za kuwasha hurudishwa kwa kerneli.

Lakini mlinzi huyo huacha barua. Barua hizo ni majedwali ya ACPI, mfumo wa kuielezea kerneli vifaa na matumizi ya umeme ya mashine, uliotangazwa mwaka 1996 na Intel, Microsoft na Toshiba. Kwenye mashine ya BIOS kerneli huyatafuta kwa kupekua eneo la anwani kati ya E0000 na FFFFF, ikiruka baiti 16 kila hatua, mpaka ikute herufi RSD PTR. Kwenye UEFI huelekezwa tu na lile jedwali kuu. Majedwali hayo hutaja prosesa zilizopo, jinsi makatizo yalivyosambazwa, na mengine mengi. Moja kati yake, liitwalo DSDT, ndilo linalonivutia kuliko yote, kwa sababu halina taarifa pekee, bali lina maagizo. Mtengenezaji wa mothabodi huandika programu ndogondogo katika lugha maalumu iitwayo AML, naye kerneli hubeba ndani yake mkalimani wa kuisoma na kuitekeleza.

Ndiyo sababu ukifunika kompyuta ndogo ya mkononi ikalala, na ukiifunua ikaamka, Linux haikuhitaji kujua waya wa kifuniko umepita wapi katika mashine hiyo mahususi. Kidhibiti hutoa katizo, kerneli hutazama ni tukio gani, kisha hutekeleza maagizo yaliyoachwa na mtu ambaye huenda aliyaandika miaka minane iliyopita. Kiwango cha chaji ya betri husomwa kwa njia hiyohiyo. Maagizo hayo yaweza hata kuiuliza kerneli inatambua mfumo gani, ili yabadilishe mwenendo wake. Linux, ikiulizwa kama inatambua toleo fulani la Windows, hujibu kwamba ndiyo. Jibu hilo limetokana na uzoefu, kwani watengenezaji wengi hujaribu mashine zao kwa Windows, na njia iliyojaribiwa ndiyo iliyo salama.

Zile huduma zinazobaki hai ni chache: kusoma na kuweka saa, kuzima au kuwasha mashine upya, na kutunza vigezo ndani ya chipu ya programu dhibiti. Vigezo ndivyo vyenye manufaa ya kila siku. Kimoja kiitwacho BootOrder hutunza mpangilio wa nini kiwashwe kwanza, na kingine huiwezesha kerneli kuacha ujumbe kwamba safari ijayo tufungue moja kwa moja ukurasa wa mipangilio, pasipo mtu kubonyezabonyeza F2 au Delete. Linux huvionyesha vigezo hivyo kama faili, na hilo lilikuwa na hatari yake: baadhi ya mothabodi zilishindwa kuwaka kabisa baada ya faili hizo kufutwa. Mwaka 2016, katika toleo la 4.5, kerneli iliwekwa kinga ili nyingi kati ya faili hizo zisifutike mpaka mtu aondoe kinga hiyo kwa kusudi. Kwa fundi, hilo ni badiliko la kushukuriwa, kwa kuwa mothabodi ya namna hiyo aghalabu huponywa tu kwa kuandika upya chipu yake kwa kifaa maalumu.

Mazungumzo mengine kerneli haiyasikii kabisa. Prosesa za x86 zina hali iitwayo SMM, ambayo kwayo programu dhibiti yaweza kusimamisha kila kitu kwa muda mfupi sana, ikafanya kazi yake, kisha ikarudisha mashine ilipokuwa. Kerneli huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na eneo la RAM linalotumiwa kwa kazi hiyo haiwezi kulisoma.

Simu nyingi zilizo mifukoni mwetu hufuata njia tofauti. Prosesa zake ni za jamii nyingine, ARM, na kipakiaji huiachia kerneli mti wa vifaa, yaani faili moja inayoeleza kila kifaa na anwani yake. Kwenye ARM ya biti 64, mahali mti huo ulipo huwekwa katika rejista ya x0 kabla ya kerneli kuruhusiwa kuanza.

Turudi Kisumu. Nilirudisha vijiti, nikawasha kompyuta, nikamfungulia mama ile mistari ya e820 kwenye skrini, na tukaanza kujumlisha maeneo yaliyotengwa kwa kalamu nyuma ya risiti. Kubwa kuliko yote lilikuwa MB 512, ambazo programu dhibiti ilikuwa imezikata kwa ajili ya picha za skrini, maana mashine yake haina kadi ya picha yenye RAM yake. Mengine yalikuwa madogo: majedwali ya ACPI, nafasi ya SMM, huduma zinazobaki hai. Takriban MB 120 hazikuwa zimechukuliwa na programu dhibiti hata kidogo, bali na kerneli yenyewe, ambayo kwa kila ukurasa wa baiti 4096 hutenga baiti 64 za kuweka hesabu ya ukurasa huo.

"Hiyo ya picha," akasema, akigonga 512 kwa kidole, "wateja wangu wanaandika barua na kujaza fomu za serikali. Inahitaji kuwa kubwa hivyo?" Tuliingia kwenye mipangilio ya UEFI, tukaishusha hadi MB 128, tukahifadhi na kuwasha upya. Akaandika free -h yeye mwenyewe, na safari hii ikasema 7.7.