TB ya mpakani ni nini, na kwa nini inamhusu mtu wa Dar

Ukisikia watu wa afya wakitaja TB ya mpakani, usidhani ni ugonjwa mwingine. Ni kifua kikuu kilekile, kinacholetwa na bakteria ambaye daktari Mjerumani Robert Koch alimtangaza mwaka 1882. Wa Tunduma, mpakani na Zambia, na wa Tandika hapa Dar ni mmoja. Kwa jina hilo wanamaanisha maambukizi yanayoendelea kwa sababu watu wanavuka mpaka kila siku, huku matibabu yao yakibaki upande mmoja.

Tuanze na hewa, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokosea. Mgonjwa wa TB ya mapafu akikohoa, akicheka, akiimba au hata akiongea, hutoa vitone vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Umewahi kukaa kwenye chumba chenye tundu kwenye bati, jua likaingia kama fimbo, ukaona vumbi linaelea humo wala halitui? Vitone hivyo huelea namna hiyo, tena kwa saa kadhaa kama chumba hakipitishi hewa. Atakayevivuta ndani ya mapafu ndiye anayeweza kuambukizwa. Sahani haiambukizi TB, kikombe hakiambukizi, wala kupeana mkono.

Si kila aliyeambukizwa huumwa. Wengi hukaa na bakteria amelala mwilini maisha yao yote, hawaumwi wala hawaambukizi mtu. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 5 hadi 10 ndio huja kuugua. Hatari hupanda sana kwa mwenye VVU asiyetibiwa, kwa mwenye kisukari, kwa asiyekula vizuri na kwa mtoto mdogo. Lakini yule mmoja mwenye TB ya mapafu asipotibiwa anaweza kuambukiza watu 10 hadi 15 kwa mwaka, na hao ni watu anaolala nao, anaosafiri nao, anaokula nao.

Sasa mpaka unaingiaje? Tanzania imepakana na nchi nane. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB, na katika ile ya 2021 hadi 2025 tumo sisi, wamo Kenya, Uganda, Kongo, Zambia na Msumbiji. Kwa hiyo ile hadithi kwamba ugonjwa "unaletwa na wageni" haina mguu wa kusimamia. Kila upande unao wa kwake.

Mpakani watu hungoja, na kungoja huko hufanyika ndani. Dereva analala kwenye kabini na utingo wake, vioo vimefungwa kwa sababu ya mbu na wezi. Wafanyabiashara wadogo wanajibana wanne kwenye chumba kimoja cha gesti. Tunduma na Nakonde ya Zambia zimeshikana kiasi kwamba mtu anavuka kwa miguu kununua mahitaji, anabadilisha kwacha, anarudi kula chakula cha mchana kwake. Tangu 2019 pana kituo cha pamoja cha forodha na uhamiaji, na karatasi za mzigo hukaguliwa na pande zote mbili mahali pamoja. Karatasi za mgonjwa hazina njia nyepesi kama hiyo.

Na Dar? Kutoka bandarini hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900, lakini ni barabara moja, na mwisho wake wa huku ni yadi za malori na nyumba zetu za kupanga. Nina jirani dereva, mzigo wake huenda Lubumbashi, Kongo. Alikohoa mwezi mzima akisema ni vumbi la njiani. Akanywa dawa za kikohozi za dukani. Shemeji, mkewe, akamtengea sahani na kikombe chake, kwa nia njema kabisa, kisha usiku wakalala wote na watoto chumba kimoja, dirisha limefungwa.

Alipopimwa makohozi na kukutwa na TB alianza dawa siku hiyohiyo, bure, kama ilivyo kwa kila mgonjwa wa TB nchini. Wiki ya kwanza alistuka kuona mkojo umekuwa wa rangi ya chungwa. Hakuna aliyemwambia kuwa ni rifampisini, moja ya dawa zake za TB, inayofanya hivyo, na kwamba rangi hiyo haina madhara. Wiki ya tatu alikuwa na nguvu, homa za jioni zimeisha, na tajiri wake akampigia simu: kuna safari. Akapewa vidonge vya siku 14. Foleni ya Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, ilikula zaidi ya hizo. Vidonge vikaisha. Zahanati aliyoingia ugenini ilimuuliza kadi, na kadi ilikuwa Dar, kwenye droo ya kabati.

Aliporudi, daftari la kliniki lilishamwandika mtoro.

Neno hilo linaniuma. Mtoro ni anayekimbia, na yeye hakukimbia, alikwenda kazini. Kwangu mimi maana yote ya TB ya mpakani imo hapo: matibabu yamepangwa kwa mtu anayekaa, na aliyeshikwa na ugonjwa ni mtu anayetembea. Tiba ya kawaida ni miezi sita, miwili ya dawa nne kwa pamoja, kisha minne ya dawa mbili. Dawa sahihi zikinywewa kwa wiki mbili hivi, uwezo wa kuambukiza wengine hushuka sana, na mwili hujisikia umepona. Ndipo wengi hulegeza. Lakini bakteria waliobaki bado wamo, na dawa zikinywewa kwa kukatakata, wale wagumu ndio wanaosalia na kuzaana. Hivyo ndivyo TB sugu inavyozaliwa, ile isiyosikia rifampisini wala isoniazidi, dawa mbili kuu za TB. Wagonjwa wake walianza kutibiwa nchini mwaka 2009 katika hospitali ya Kibong'oto, Kilimanjaro. Ikishajengeka kifuani mwa mtu mmoja, huruka kwa mwingine ikiwa sugu tayari, hata kama huyo wa pili hajawahi kumeza kidonge.

Basi kama wewe au mtu wako anafanya kazi ya njiani, mwambie mhudumu siku ya kwanza kabisa: nasafiri, napita hapa na hapa, nakaa siku hizi. Omba dawa za siku za safari na za ziada kwa ajili ya foleni. Ukihama, omba fomu ya uhamisho. Kadi itembee na pasipoti, na uipige picha kwenye simu. Kikohozi cha wiki mbili, jasho la usiku, kukonda, makohozi yenye damu: hayo yasingoje safari iishe. Na kabini ifunguliwe vioo mchana, gari likiwa foleni.

Jirani yangu alianza upya. Safari hii aliomba mizigo ya Morogoro na Dodoma tu, akapata hela kidogo kwa miezi yote sita. Mtoto wao wa miaka mitatu aliwekwa kwenye dawa za kinga. Utingo wake, kijana wa miaka 20 aliyekuwa akilala naye kabini, alipimwa pia, akakutwa nayo. Vidonge vyao walikuwa wanameza pamoja alfajiri, kabla ya kuwasha gari, na shemeji akiweka alama ya kalamu kwenye kalenda ya ukutani.